Siku Saba Mombasa na Pweza wa Kijivu

Jumapili

Basi liliondoka Tanga alfajiri, kiza bado kimetanda. Nilikuwa na begi la nguo, kisanduku cha rangi, daftari nene, na kipande cha bomba la plastiki nilichonunua dukani kwa vifaa vya ujenzi, ndani yake nimekunja mchoro wangu wa leso. Kondakta alitaka kulitia bomba chini pamoja na magunia. Nilikataa. Nilikaa nalo mapajani safari nzima kama mtu aliyempakata mtoto.

Kwa miaka tisa nimechora nakshi za mapazia, mashuka na vitambaa vya sare. Leso sijatoa hata moja. Kwa mtu wa pwani anayeishi kwa nakshi, hilo ni deni, na nimekwenda Mombasa kulilipa.

Daftari lina kurasa za wachoraji wa kisasa, wengi wa Ulaya, niliowasoma usiku mwingi kwa miaka mingi. Wapo wanaosema picha za watu hao ni mambo ya makumbusho, na nakshi za kitambaa ni mambo ya soko, na kwamba huku na kule hakuna cha kuulizana. Mimi siamini hivyo hata kidogo. Nikisoma maisha yao naona walikwama palepale ninapokwama mimi: una uso bapa, una rangi chache, na unatakiwa kuamua nini kikae karibu na nini. Na wengi wao jibu walilikuta kwenye kitambaa.

Horohoro na Lunga Lunga: foleni, muhuri, foleni, muhuri. Ukunda tukanunua madafu dirishani. Likoni tukashushwa ili tuvuke feri kwa miguu, na hapo kwenye mteremko, nikingoja chombo kitie gati, niliona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu. Feri ilipofungua mdomo, watu wakamwagika. Kwa mbali walikuwa wingu moja linalometameta, si jekundu wala si kijani. Walipokaribia, wingu likapasuka: leso ya manjano hapa, buibui jeusi pale, shati la machungwa, mtandio wa zambarau, ndoo ya buluu kichwani.

Georges Seurat alichora Jumapili kama hii kati ya 1884 na 1886, watu wa Paris wakipumzika kisiwa cha La Grande Jatte kando ya mto Seine. Turubai lake lina upana wa mita 3 na karibu lote limejazwa kwa nukta. Hakutaka kuchanganya rangi kibaoni zikafifia. Aliziweka nukta jirani na nukta, kisha kazi ya kuchanganya akaliachia jicho la mtazamaji aliyesimama mbali. Nimesoma jambo hilo mara kumi, lakini nililielewa leo Likoni, jasho likinitiririka mgongoni.

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Nilipomwamkia alijibu marahaba, akanishika kidevu, akasema nimekonda, akaniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bomba langu akaliegemeza pembeni mwa kabati, mbali na watoto, bila ya mimi kumwomba.

Jumatatu

Mtaa wa Biashara unaamka taratibu. Kwanza wanafagia, halafu wanatundika. Kufikia saa nne leso zimeshaning'inia kila duka hadi huoni ukuta, na vijana wa dukani wanazikunjua kwa mkono mmoja, pa, kama mtu anayetupa nyavu.

Leso ni kitambaa chenye sheria kali. Ina pindo pande zote nne. Ina mji katikati. Ina jina, yaani maneno, chini ya mji. Huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Urefu wake ni kama sentimita 150 na upana 110, na rangi zake ni tatu au nne, kwa sababu kila rangi huwa na skrini yake kiwandani na kila skrini ni gharama. Ndani ya uzio huo mdogo wamepita ndege, saa, mananasi, korosho, meli na mwenge. Wachoraji wengi wa kisasa walijitafutia uzio wa namna hiyo kwa hiari yao. Sisi tumeukuta umeshajengwa.

Niliingia duka nililoelekezwa. Mwenyewe ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na meza yake imepauka katikati kwa vitambaa vilivyoburutwa juu yake miaka na miaka. Nikamwamkia, nikalifungua bomba, nikautandaza mchoro. Pindo la mawimbi, jeusi na jeupe. Mji mwekundu. Katikati ya mji, pweza mmoja mkubwa wa kijivu, mikono minane imejikunja hadi kugusa pindo.

Aliuangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Pindo zuri. Mji mzuri. Lakini pweza wako ameoza, binti yangu."

Nilitazama, na kweli ameoza. Kijivu nilichokichanganya nyumbani kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila tone la rangi nyingine, kilikuwa kimeingia ukijani, kama ukungu juu ya mkate. Nyumbani sikuuona. Nadhani nilikuwa nimemzoea pweza wangu kiasi cha kutomwona.

Mzee hakunifukuza. Alinivutia kigoda. "Mwanamke hainunui leso kwa kuiangalia mezani," alisema. "Anaiona imevaliwa na mwenzake ng'ambo ya barabara, halafu anakuja hapa kuniulizia. Mimi nauza kinachoonekana ng'ambo ya barabara. Rekebisha, uje Ijumaa asubuhi kabla sijafunga kwenda msikitini."

Nikamkumbuka Lyubov Popova. Alikuwa mchoraji wa mstari wa mbele Moscow, picha zake za pembe na mistari zimesifiwa kila mahali, kisha yeye na mwenzake Varvara Stepanova wakaamua kwamba turubai la kutundika ukutani haliwatoshi. Mwaka 1923 walikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha kuchapa vitambaa vya pamba. Wakachora kwa rula na bikari: duara, mstari, pembetatu, duara tena, vitu ambavyo mashine inaweza kuvirudia bila kuchoka na mwanamke wa kawaida anaweza kuvivaa kwenda kazini. Popova alikufa mwaka uliofuata, 1924, kwa homa, ana miaka 35. Katika kurasa zote za daftari langu, wa kwake ndio nimeushika hadi ukachakaa.

Nikitoka niliona doti iliyoandikwa pindoni "Mali ya Abdulla". Biashara hiyo ipo Mombasa tangu 1887, na wanawake wa pwani nzima hulitafuta jina hilo ukingoni kabla hawajauliza bei. Nililigusa kwa kidole. Jina la mwenye mali lipo. Jina la aliyechora halipo, na sijawahi kuliona kwenye leso yoyote maishani mwangu.

Jumanne

Leo sikutoka nje kabisa, na ndiyo siku niliyojifunza zaidi.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani. Akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi za kiwanda ni hafifu, zinaonekana zimepauka. Chevreul akazipima nyuzi hizo, akazilinganisha na za kwingine, akakuta weusi wake hauna kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani. Nyeusi ikifumwa kando ya buluu au zambarau inanyang'anywa ukali wake. Alilifuatilia jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1839 akatoa kitabu kinene chenye sheria yake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake kuelekea upande ulio kinyume naye. Kinyume cha nyekundu ni kijani. Wachoraji wakakinyakua kitabu hicho, Seurat akiwa mmoja wao. Lakini elimu yenyewe ilianzia kwa mafundi wa uzi.

Basi nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilipaka karatasi moja kijivu, kijivu kilekile kilichooza, nikaiacha ikauke, nikakata vipande vitatu sawasawa. Nikamwomba shangazi leso zake. Alinipa nyekundu ya zamani, iliyolainika kama ngozi ya sikio, na ya kijani aliyotunzwa kwenye harusi. Nikazitandaza sakafuni, na katikati yake shuka jeupe. Kipande kimoja kwa kila kimoja.

Juu ya nyekundu, kijivu kikawa kijani. Juu ya kijani, kijivu kikaingia uwaridi. Juu ya shuka jeupe, kikatulia, kijivu cha jivu la mkaa.

"Umenipakia rangi tatu," shangazi alisema.

"Moja, shangazi. Nimekata karatasi moja."

"Haiwezekani." Akachuchumaa, akavichukua vipande vyote vitatu kwa mkono wake, akaviweka pamoja juu ya kiganja. Vikawa kimoja. Akavirudisha mahali pake, vikawa vitatu. Alifanya hivyo mara nne au tano, hakucheka, na mara ya mwisho aliviinua polepole sana akijaribu kukamata pale pale rangi inapogeuka.

Nikamweleza kwamba yuko mwalimu, Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha katika shule ya Bauhaus na baadaye Marekani, ambaye aliwafundisha wanafunzi wake hivi hivi, kwa vipande vya karatasi za rangi, maana karatasi haichafuki kama rangi ya brashi. Tangu 1950 hadi kufa kwake alichora miraba ndani ya miraba, mamia kwa mamia, umbo lilelile, akibadilisha majirani tu. Kitabu chake kuhusu mambo hayo kilitoka 1963.

"Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Anni. Aliingia Bauhaus mwaka 1922 akitaka kujifunza kazi nyingine, lakini wanawake walikuwa wakisukumwa kwenye chumba cha kufuma, naye akapelekwa huko."

"Akakasirika."

"Mwanzoni hakuupenda uzi hata kidogo. Halafu akafuma mpaka mwaka 1949 jumba la sanaa la kisasa la New York likamfanyia maonyesho yake peke yake. Hakuna mfumaji aliyefanyiwa hivyo pale kabla yake."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari ya jamaa yake.

Jioni mume wa shangazi, aliyevua samaki tangu akiwa mvulana, alitukuta bado tuko sakafuni. Nikamweleza shida ya pweza. Yeye hakuona ajabu yoyote. "Pweza hana rangi yake," alisema. "Hukopa kwa mwamba. Ukimtafuta kwa rangi humpati, mtafute kwa jicho." Akaenda kutawadha.

Usiku nilichanganya upya. Kijivu kilekile, nikakitia nyekundu kidogo sana, ncha ya brashi. Peke yake kwenye kibao kilionekana kimechafuka, karibu na rangi ya kaimati iliyoungua. Nikakiweka juu ya leso nyekundu, na pweza akapona mbele ya macho yangu. Jicho lilimtoa wekundu wote niliompa na kumwacha kijivu safi. Nikaongeza mstari mweusi kumzunguka, kama leso za zamani zinavyofanya kwenye maua yao. Paul Gauguin na Émile Bernard walikuwa wakizungushia rangi zao mistari mizito namna hiyo mnamo 1888, wakiiga vioo vya rangi vya makanisa. Mstari ukiwepo, rangi mbili hazigombani mpakani.

Jumatano

Shangazi alinifukuza nikapunge upepo.

Fort Jesus nimeiona utotoni, lakini leo niliingia kwa ajili ya ukuta mmoja tu. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama ramani hiyo kutoka juu ni kama mtu aliyelala chali. Wareno waliokaa humo walichora ukutani meli zao, kwa mkaa na udongo mwekundu. Rangi mbili na chokaa nyuma yake. Hakuna kivuli, hakuna umbali, tanga limekaa bapa kama lilivyo kwenye leso. Nilikaa pale mpaka walinzi wakaanza kuniangalia.

Kurudi nilipita njia ndefu. Tangu serikali ya kaunti ilipoagiza mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, nimewasikia watu wakilalamika kwamba mji umekuwa kama hospitali. Mimi naona vingine, hasa baada ya jana. Ukuta mweupe haumsukumi mtu. Mwanamke aliyejitanda leso ya manjano akipita mbele yake, manjano hiyo ni yake yote.

Milango ya Mji wa Kale nayo inahitaji siku yake peke yake. Nilisimama mbele ya mmoja wenye mfaa, ule mti wa katikati, uliochongwa maua juu hadi chini, kila ua limetofautiana kidogo na lililo juu yake, na patasi imeacha alama ambazo ukipitisha ukucha unazihesabu. Fundi wake nani? Hakuna anayejua. Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro, Paris, akasimama mbele ya vinyago vya Afrika, na mwaka huohuo akamaliza picha ya wanawake watano ambayo wanahistoria wengi huiweka kwenye mlango wa kubisimu, uchoraji unaovunja vitu kuwa vipande vya pembe. Wawili walio kulia wana nyuso za vinyago. Dunia nzima inamjua Picasso. Wachongaji wa vinyago hivyo walikuwa na majina na mama zao waliwaita kwayo, lakini waliovikusanya hawakujisumbua kuuliza. Jambo hili huniuma kila ninapolifikiria, na leo mbele ya ule mfaa liliniuma vibaya.

Mchana, kwenye kivuli karibu na Marikiti, kijana alikuwa akipamba tuktuk. Kabla ya kupaka chochote alibandika utepe wa karatasi wenye gundi, mistari mirefu ubavuni, akarudi nyuma hatua sita, akatazama, akaja akaubandua mmoja akausogeza upana wa kidole, akarudi nyuma tena. Nilimtazama akifanya hivyo karibu nusu saa. Nikamwuliza kwa nini hachori kwa penseli kwanza. "Penseli hainionyeshi uzito, dada," alisema. "Mstari una uzito."

Nilitamani Piet Mondrian angemsikia. Alikuwa mmoja wa kundi la De Stijl lililoanza Uholanzi mwaka 1917, watu waliotaka picha, kiti na nyumba vitoke kwenye sheria moja: mistari iliyosimama na iliyolala, nyekundu, manjano, buluu, nyeusi, nyeupe, kijivu. Gerrit Rietveld alijenga nyumba nzima kwa sheria hizo mjini Utrecht mwaka 1924, na inasimama mpaka leo. Mondrian aliishika sheria kiasi kwamba mwenzake Theo van Doesburg alipoleta mistari ya mshazari, walitengana. Na uzeeni, New York, Mondrian alikuwa akifanya kama kijana wa tuktuk: anabandika vipande vya utepe wa rangi kwenye turubai, anarudi nyuma, anabandua, anasogeza. Alikufa mwaka 1944 akiwa na picha moja haijamalizika, na vile vipande bado vimebandikwa juu yake.

Alhamisi

Rangi imepona, lakini asubuhi niliona kasoro nyingine. Pweza wangu alikuwa amechorwa na mtu mwoga. Mikono yote minane nilikuwa nimeifuta na kuirudia kwa penseli mpaka ikakakamaa, na kila kinyonyeo nimekitia kivuli chake. Ng'ambo ya barabara vivuli hivyo vingekuwa uchafu.

Nikachukua mkasi wa shangazi wa kukatia nguo.

Henri Matisse alizaliwa mwaka 1869 kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Bohain, mji wa wafumaji. Maisha yake yote alikusanya vitambaa na kuhama navyo. Mwaka 1908 alichora meza iliyotandikwa kitambaa cha maua, halafu maua yaleyale akayapandisha ukutani, mpaka huwezi kusema meza imeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Chumba hicho kilikuwa cha buluu kwanza. Akakigeuza chote chekundu. Mtu aliyeingia chumba cha biharusi wa pwani kilichotandikwa na kutundikwa leso hahitaji mwongozaji mbele ya picha hiyo.

Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa, na tangu hapo kusimama kukawa taabu. Wasaidizi wake wakawa wanapaka karatasi rangi nzito za maji, karatasi nzima rangi moja, na yeye anakata kwa mkasi akiwa kitini au kitandani. Vipande vikabandikwa ukutani kwa pini, vikasogezwa siku hata siku. Konokono wake wa 1953, aliyeko London, ana karibu mita 3 kila upande, na ni vipande vichache tu vya rangi vinavyozunguka. Hakuna mstari wa penseli. Mkasi unapopita, ukingo na rangi vinazaliwa pamoja.

Nilikata pweza saba. Wa kwanza alikuwa kama kiganja cha mtoto. Wa tatu nikaanza kuzungusha karatasi badala ya mkasi, kama shangazi anavyokata shingo ya gauni, na mikono ikaanza kwenda. Wa sita ndiye. Wa saba nilikata kwa tamaa, hakumfikia. Vinyonyeo nikavifanya matundu meupe tu, makubwa kwenye bega la mkono na madogo kuelekea ncha.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake, akaniuliza habari za wanawake wengine wa daftari. Nikamsomea ukurasa wa Sonia Delaunay. Mwaka 1911, mtoto wake akiwa mchanga, alimshonea shuka la viraka kwa namna aliyoiona kwa wakulima wa Urusi. Vipande vya rangi zisizolingana, vimeshonwa vikapatana. Marafiki zake walipoliona wakasema hii ni kubisimu. Yeye na mumewe Robert wakaifuata njia hiyo kwenye turubai, na miaka ya 1920 Sonia akawa anachora nakshi za vitambaa na kuviuza Paris. Shuka la mtoto liko makumbusho sasa.

"Hata leso ilianza hivyo," shangazi alisema bila kuinua macho. Na ndivyo tulivyosimuliwa wote: zamani wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja kwa majora, neno lenyewe leso likiwa la Wareno, wakavikata sita, wakashona vitatu chini ya vitatu, wakapata vazi. Wafanyabiashara waliwafuata baadaye na kuanza kuchapa kipande kizima. Kwa hiyo mchoraji wa kwanza wa leso ni mwanamke mwenye sindano aliyesimama dukani akichagua kipi kikae karibu na kipi.

Usiku tukatafuta jina. Nilikuwa na langu, refu, la busara, kuhusu bahari. Shangazi alilisikiliza kwa heshima. Kisha akasema jina la leso lazima liwe na mtu analomwendea. Akafikiri mpaka sahani zikaisha kuoshwa, akafuta mikono, akatamka: "Rangi yako nimeshaijua."

Mumewe kutoka barazani akasema, "Hilo."

Ijumaa

Saa mbili na nusu nilikuwa Mtaa wa Biashara, kabla hawajamaliza kufagia. Mzee hakuutandaza mchoro mezani safari hii. Alimwita kijana wa dukani, akamwambia aushike kifuani, avuke barabara.

Kijana akavuka. Mzee akasimama mlangoni, akavua miwani. Nilidhani anaifuta, kumbe anataka kuona kama wasiokuwa na miwani. Tuktuk ikapita katikati yetu, mkokoteni wa maji ukapita. "Rudi nyuma zaidi!" Kijana akarudi hadi mgongo ukagusa ukuta mweupe.

Pale alipo, pweza alikuwa hai. Wekundu wa mji ulimsukuma mbele, mstari mweusi ukamshikilia, na mikono minane ikatambaa hadi pindoni bila ya kujikwaa. Jina halikusomeka kwa umbali ule, lakini halipaswi kusomeka. Jina husomwa na aliyekaribia.

"Sasa yu hai," mzee alisema. Akavaa miwani. "Ile ya kijivu umeibadilisha?"

"Nimeitia nyekundu kidogo."

"Nyekundu ndani ya nyekundu ndiyo imetoa kijivu?" Akaniangalia. Nikamtolea vipande vyangu vitatu vya karatasi, tukavijaribu kwenye majora yake ya nyekundu na kijani, na vijana wote wa duka wakaja kutazama, na mteja mmoja naye akaja.

Anataka rangi tatu za mchoro uleule, kwa sababu leso hutoka kwa rangi mbalimbali ili kina mama wa nyumba moja wasigongane. Moja ninayo. Mbili nimtumie kabla ya mfungo. Kisha nikamwomba nililokuwa nimelibeba tangu Jumatatu: jina langu liandikwe pindoni, dogo, herufi kama punje ya mtama, baada ya jina la mwenye mali. Hakukataa. Hakukubali pia. Alisema hajawahi kuombwa hivyo na mchoraji yeyote na atalifikiria, na nilimwona akiutazama ukingo wa mchoro akipima kwa kidole nafasi iliyobaki. Halafu adhana ikakaribia, akaanza kufunga.

Jumamosi

Shangazi alinifungia mabuyu na viazi karai, na leso yake nyekundu, ile iliyolainika. Nilikataa mara mbili kama inavyopasa, mara ya tatu nikapokea.

Feri, Likoni, basi. Baada ya Ukunda nilifungua bomba ili kuangalia kama gundi ya pweza imeshika, maana joto lilikuwa kali. Mama aliyekaa kando yangu, mwenye kapu la maembe miguuni, akauvuta ukingo wa karatasi taratibu ili aone zaidi.

"Leso ya nani hii?"

"Bado haijachapwa, mama."

"Nauliza kaichora nani."

"Mimi."

Akanitazama, akaitazama, akasoma jina kwa sauti, akacheka mpaka kapu likasogea. Kisha akainua karatasi mbele ya dirisha, mashamba ya minazi yakipita nyuma yake, akaisogeza mbali kadiri mkono wake ulivyofika.

"Nyekundu ninazo nyingi," alisema. "Ya kijani ningeichukua."

Nikatoa daftari. Kijani: pweza atahitaji ncha ya brashi ya kijani ndani yake, pengine na nusu.